Pampu Inazunguka, Mgonjwa Anazidi Kuchoka: Kutafuta Kasoro ya Pesimeka kwa Mwenye Pampu ya Moyo

Mgonjwa mwenye pampu ya kusaidia ventrikali (chemba ya chini ya moyo) ya kushoto akija na malalamiko ya kuchoka, macho yote hukimbilia kwenye kidhibiti kilicho kiunoni mwake. Kasi ni ile ile, nguvu ni ile ile, hakuna kengele inayolia, basi anaambiwa mashine ni nzima. Lakini wengi wa wagonjwa hawa wana kifaa cha pili chini ya ngozi ya kifua, pesimeka inayouchochea moyo upige au difibrileta inayoushtua ukikimbia vibaya, walichowekewa kabla ya pampu. Hicho kinaweza kukaa miezi bila kusomwa na mtu, na kasoro ikajificha humo.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, matabibu na madaktari wanaomwona mgonjwa huyu kabla hajafika kwa wataalamu wake. Kubadili mipangilio ya kifaa ni kazi ya waliofunzwa. Kujua uanzie wapi kutafuta ni kazi ya yeyote aliye kando ya kitanda.

Shika hili kwanza: upande wa kulia hauna msaidizi

Pampu hufyonza damu kwenye ncha ya ventrikali ya kushoto na kuisukuma hadi kwenye aota. Damu hiyo haifiki kushoto yenyewe. Lazima ventrikali ya kulia iipitishe kwenye mapafu kwanza. Ukitaka pampu itoe lita 5 kwa dakika, upande wa kulia nao ulete lita 5 kwa dakika. Kuongeza kasi ya pampu wakati kulia kumechoka ni kuteka maji kwenye ndoo tupu, tena kunaweza kuvuta ukuta wa moyo kwenye mrija wa pampu.

Kwa hiyo unapoitazama pesimeka ya mgonjwa huyu, usiishie kuhesabu mapigo kwa dakika. Jiulize mpangilio uliopo unaifanyia nini ventrikali ya kulia. Kwa mgonjwa wa moyo kushindwa asiye na pampu, tunapigania upande wa kushoto usukume kwa pamoja. Kwa mwenye pampu, kushoto kumeshapata msaada na mzigo umebaki kulia. Mapigo ya polepole mno, mapigo ya kasi mno, chemba za juu na za chini kupishana vibaya, waya unaozuia vali ya trikuspidi kufunga: athari zake kubwa humfikia mgonjwa kupitia huko.

Vipimo vinavyodanganya

Usitegemee mapigo ya mkononi. Pampu za siku hizi husukuma damu mfululizo, hivyo wagonjwa wengi hawana mapigo unayoweza kuyagusa hata wakiwa wazima na wanaongea nawe. Mashine ya kawaida ya kupima presha nayo mara nyingi hushindwa. Tumia mkanda wa presha na Dopla, kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu: pandisha mkanda, shusha polepole, sikiliza pale sauti inaporudi. Vituo vingi hulenga wastani wa kati ya 70 na 90 mmHg. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kukosa kusoma au kutoa namba ya uongo.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu kwenye pampu aina ya HeartMate 3. Pampu hiyo hubadili kasi yake yenyewe kila baada ya sekunde 2, inashuka kidogo na kupanda kidogo, ili damu isitulie ndani yake. Ukiitazama presha ya mshipa moja kwa moja kwenye skrini unaweza kuona mawimbi 30 kwa dakika na ukadhani moyo unapiga mara 30. Hayo ni ya pampu. Mapigo ya moyo wenyewe yanasomwa kwenye kipimo cha umeme wa moyo, au kwa kutazama moyo wenyewe kwenye eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti.

Kipimo cha umeme wa moyo nacho kina mtego. Karatasi inatoka na mistari minene yenye ukungu wa mitetemo, na alama ya msukumo wa pesimeka inapotelea humo. Ukungu huo una chanzo unachoweza kukikokotoa. Chukua kasi ya pampu, gawa kwa 60. Pampu inayozunguka mara 5,400 kwa dakika inazunguka mara 90 kwa sekunde, yaani hezi 90. HeartMate II, pampu iliyoitangulia HeartMate 3, kwenye mizunguko 9,000 inakupa hezi 150. Weka chujio la juu la mashine kwenye hezi 40 na mistari itasafika, utaona mawimbi ya ventrikali vizuri. Ila chujio hilo hilo linaweza kufifisha alama ya pesimeka, kwa hiyo piga karatasi mbili: moja yenye chujio usome mdundo, na moja isiyo na chujio utafute alama. Ziandike wazi ipi ni ipi.

Mtiririko unaoonekana kwenye kidhibiti nao ni makadirio. Pampu inaukokotoa kutokana na nguvu inayotumia na kasi yake, na kwa HeartMate 3 pia kiwango cha hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) kilichoingizwa. Mgonjwa akivuja damu na namba hiyo isibadilishwe, makadirio yanapotoka. Tazama mwelekeo wa siku kadhaa kuliko namba moja ya leo.

Akizimia au asipoitika

Weka sikio au stetoskopu juu ya moyo. Ukisikia mvumo, pampu inafanya kazi. Usiposikia, kagua kebo, betri na kidhibiti mara moja huku mwenzako akiita msaada. Maelekezo ya Chama cha Moyo cha Marekani ya mwaka 2017 yanasema mgonjwa asiyeitika, ambaye wastani wa presha uko chini ya 50 mmHg, au aliyewekewa mrija wa kupumulia na kaboni dioksidi anayoitoa iko chini ya 20 mmHg, abanwe kifua. Woga wa kung'oa pampu usimfanye mtu afe bila kusaidiwa. Mshtuko wa umeme wa nje na pesimeka ya nje kupitia ngozi vinaruhusiwa bila kuchomoa pampu za kisasa. Usibandike pedi juu ya kifaa kilicho chini ya ngozi.

Yanayofuata ni kwa mgonjwa ambaye bado ana muda.

Mtiririko umeshuka na mgonjwa amechoka

Hii ndiyo sura ya kawaida, na ndiyo inayotafsiriwa vibaya zaidi. HeartMate 3 hupiga kengele mtiririko ukishuka chini ya lita 2.5 kwa dakika, lakini mgonjwa huanza kusema miguu mizito siku nyingi kabla ya hapo.

Anza na mishipa ya shingo. Ikiwa imelala na mgonjwa ana kiu, mkojo mweusi, kuhara, au choo cheusi kama lami, tatizo ni ujazo: amepungukiwa maji, ametumia dawa za kukojosha kupita kiasi, au anavuja damu tumboni, jambo la kawaida kwa watu wanaotumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na wenye pampu. Fahirisi ya mapigo, ile namba inayoandikwa PI kwenye skrini kuonyesha mtiririko unavyopanda na kushuka kwa kila pigo, mara nyingi itakuwa chini pia. Usiguse pesimeka hapo. Rudisha ujazo, tafuta damu inapotokea, pima tena. Mtiririko ukishuka huku presha iko juu sana, tibu presha. Pampu hizi hushindwa kusukuma vizuri dhidi ya presha kubwa.

Mishipa ya shingo ikiwa imejaa, miguu imevimba, ini linauma na tumbo linajaa maji, umeshafika upande wa kulia. Kama upasuaji ni wa hivi karibuni, fikiria pia damu iliyokusanyika kuuzunguka moyo, na eko iamue. La sivyo, sasa ndipo mdundo na pesimeka vinapochunguzwa, kwa utaratibu huu.

Mdundo ni wa kasi gani? Ventrikali ya kulia iliyochoka haiwezi kuongeza kiasi cha damu inachotoa kwa kila pigo. Tuseme inatoa mililita 35 kwa pigo. Kwa mapigo 60 inapitisha lita 2.1 kwa dakika. Kwa mapigo 90 inapitisha lita 3.15. Hesabu hii rahisi ndiyo sababu katika siku za mwanzo baada ya upasuaji madaktari hutumia nyaya za muda kuupeleka moyo kwenye mapigo 80 hadi 100, ikiwezekana kwa kuanzia chemba za juu. Mgonjwa aliyeruhusiwa huku kifaa chake cha kudumu bado kiko kwenye mpangilio wa zamani wa mapigo 50 anaweza kupoteza mtiririko mara tu nyaya za muda zinapoondolewa. Lakini hesabu ina mwisho wake. Ukizidi kuongeza, muda wa kulia kujaa unapungua na mililita zile 35 zinageuka 25, na faida yote inapotea. Panda kwa hatua ndogo, mapigo 10 kwa kila hatua, ukitazama mtiririko, presha ya Dopla na ventrikali ya kulia kwenye eko kwa kila hatua. Kwa miezi na miaka ya mbele, mapigo ya kasi ya kudumu si mahali pa kumwacha mgonjwa bila sababu iliyoandikwa.

Je, chemba za juu zinashiriki? Fibrileshoni ya atria, yaani chemba za juu kutetemeka ovyo badala ya kubana, ikianza, kulia kunapoteza ule msukumo wa mwisho wa kujaza. Baadhi ya wagonjwa hawahisi chochote. Wenye upande wa kulia dhaifu huanguka ndani ya siku chache. Angalia kumbukumbu za kifaa: difibrileta yenye waya kwenye atria itakuambia siku na saa fibrileshoni ilipoanza, na mara nyingi tarehe hiyo inalingana na siku mgonjwa alipoanza kuvimba. Ukioanisha tarehe hizo mbili umepata jibu ambalo vipimo kumi vya damu visingekupa.

Pengine fibrileshoni ipo lakini kifaa hakiitambui, kwa sababu ishara za atria ni ndogo mno. Kifaa kinaziona nusu, kinaruka nyingine, na kinazifuata chache kinazoziona kwa kupiga ventrikali bila mpangilio karibu na kikomo chake cha juu. Kwenye karatasi utaona mapigo ya pesimeka ya kasi, mapana, yasiyo sawasawa. Wengi huita takikadia ya ventrikali (mbio hatari za chemba za chini) na kutoa amiodaroni, dawa ya kutuliza mdundo. Tiba yake ni kurekebisha usikivu wa atria, au kuzima ufuatiliaji wa atria mpaka mdundo utulie.

Je, kifaa kimejibadili chenyewe? Baadhi ya pesimeka, betri inapokaribia kwisha, huachana na atria na kwenda kwenye hali ya kupiga ventrikali pekee, kwa aina fulani mapigo 65 kwa dakika bila kubadilika. Mgonjwa aliyekuwa anapiga 75 kwa mpangilio mzuri anaamka siku moja na 65 zilizonyooka, mawimbi ya atria yakipita upande wao, mishipa ya shingo ikiruka kwa nguvu kila atria inapobana huku vali imefungwa. Pampu haina kosa hata kidogo. Kila unapoona mapigo ya pesimeka yasiyobadilika hata mgonjwa akitembea ukumbini, ulizia betri.

Na je, ventrikali ya kulia inapigwa bila sababu? Ikiwa mgonjwa ana njia zake za umeme zinazofanya kazi na mawimbi yake ni membamba, kumpiga ncha ya ventrikali ya kulia mchana kutwa kunaivuruga ibane kwa zamu badala ya kwa pamoja. Kurefusha muda wa kusubiri kati ya atria na ventrikali, au kushusha kikomo cha chini cha mapigo, kunaweza kuuacha moyo ujipige wenyewe. Soma asilimia ya mapigo ya kifaa kwenye ripoti. Ikitoka 3 hadi 96 tangu upasuaji, uliza ni nani aliyebadili na kwa nini.

Alama ya pesimeka ipo, moyo haufuati

Siku chache baada ya kuweka pampu, nyaya za zamani hubadilika tabia. Ishara ya ventrikali ya kulia inayosomwa na waya huwa ndogo kuliko kabla ya upasuaji, kizingiti cha umeme unaohitajika ili moyo uitikie kinaweza kupanda, na ukinzani wa waya mara nyingi hushuka. Sababu ni kadhaa: moyo umegeuzwa na kuinuliwa wakati wa upasuaji, ncha ya kushoto imekatwa tundu la kuweka pampu, ventrikali iliyopungua ujazo imebadili umbo, na waya wenyewe unaweza kuwa umesogea au kuumizwa. Kwa hiyo kifaa kisomwe kabla ya upasuaji na kisomwe tena kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Bila namba za kabla, namba za baada hazina cha kulinganishwa nacho.

Ukiona alama bila pigo linalofuata, fikiria kizingiti kilichopanda: waya uliosogea, potasiamu iliyopanda, damu yenye asidi nyingi, dawa za kutuliza mdundo, au tezi dundumio (thyroid) iliyozorota kwa sababu ya amiodaroni ya muda mrefu. Usipoona alama kabisa mahali ilipotarajiwa, ama kifaa kinasikia kitu kinachokifanya kinyamaze, ama waya umekatika. Ukinzani uliopanda ghafla unaelekeza kwenye waya uliokatika au skrubu iliyolegea. Ukinzani uliozama ghafla unaelekeza kwenye ganda lililochubuka. Kushuka kidogo kidogo baada ya pampu hakuna ajabu. Ghafla ndilo neno la kutafuta kwenye grafu ya kifaa.

Hatari inategemea swali moja: akikosa pesimeka, moyo wake unajipiga? Aliyechomwa makutano ya umeme ya atria na ventrikali ili kudhibiti fibrileshoni hana akiba. Pampu itamweka macho kwa muda, na hapo ndipo watu hudanganyika, kwa sababu anaongea huku kulia kumesimama na figo zinaanza kukosa damu. Kuongea kwake kusikuondolee haraka.

Kifaa kinanyamaza au kinampiga mshtuko bila sababu: kelele za umeme

Mota ya pampu inatoa mawimbi ya umeme na sumaku, tena karibu kabisa na nyaya za moyo. Kifaa kikiyasikia na kuyadhani ni mapigo, kinaweza kufanya mambo mawili mabaya: kuzuia mapigo yake kwa sababu kinaamini moyo unajipiga, au kutoa mshtuko kwa sababu kinaamini moyo unakimbia. Difibrileta za chini ya ngozi zisizo na waya ndani ya moyo zina hatari kubwa zaidi hapa, maana zinasikiliza kutoka mbali na ishara zinazopokelewa ni ndogo.

Kutambua kelele ya pampu, tazama mchoro wa ndani wa kifaa. Mapigo ya moyo ya kweli yana umbo, yana nafasi kati yake. Kelele ni msumeno mwembamba unaojaza nafasi zote, na mara nyingi hujirudia kwa hezi zile zile ulizozikokotoa kutoka kwenye kasi ya pampu, au kwa vizidisho vyake. Kelele ya waya uliokatika ni tofauti: ni ya mlipuko, inakuja mgonjwa akinyanyua mkono au akigeuka, na inaacha vipindi vya utulivu. Mwambie ainue mkono, akaze kifua, avute pumzi, huku wewe unatazama skrini.

Marekebisho ni kupunguza usikivu kwa hatua, kubadili pande mbili za waya zinazosikilizana, au kubadili waya. Ukipunguza usikivu kumbuka ile ishara iliyokwisha kupungua baada ya upasuaji. Ukizidisha, kifaa hakitasikia hata mapigo ya kweli.

Wakati mwingine kelele haigusi tiba bali mawasiliano tu: mashine ya kusomea kifaa inakataa kuunganika. Hili liliripotiwa kwa baadhi ya difibrileta za zamani pamoja na HeartMate II, na limeripotiwa tena kwa HeartMate 3. Sogeza kichwa cha kusomea, mwambie mgonjwa anyooshe mkono wa kushoto juu ya kichwa ili kifaa kisogee mbali na pampu, hamisha mashine nyingine za umeme zilizo karibu. Wataalamu wamefanikiwa pia kwa kutumia bamba la chuma kama ngao. Kuzima pampu ili kifaa kisomeke ni jambo la kutofikiriwa kabisa.

Na sumaku? Juu ya difibrileta, sumaku huzuia mishtuko lakini haibadili upigaji wa pesimeka. Juu ya pesimeka ya kawaida, huifanya ipige bila kusikiliza chochote. Mgonjwa anayepigwa mishtuko ya uongo mfululizo, sumaku juu ya difibrileta inamwokoa na mateso wakati unasubiri mtaalamu, ila asiachwe peke yake na pedi za nje ziwe tayari. Mgonjwa ambaye pesimeka yake imenyamazishwa na kelele ndani ya difibrileta, sumaku haitamsaidia. Anahitaji kupangwa upya au pesimeka ya nje.

Mshtuko wa kweli, mgonjwa akiwa macho

Mwenye pampu anaweza kuwa kwenye takikadia au hata fibrileshoni ya ventrikali kwa saa nyingi na bado akakujibu. Mshtuko ukimpata akiwa na fahamu zake ni mateso, na wengi hubaki na hofu ya kulala. Ndiyo maana taarifa ya Chama cha Moyo cha Marekani ya mwaka 2019 kuhusu vifaa kwa wagonjwa wa pampu inaelekea upande wa kukipa kifaa subira: kianze kwenye kasi ya juu, kisubiri muda mrefu, kijaribu kwanza mapigo ya haraka yasiyouma, ndipo mshtuko.

Kabla ya kuongeza dawa, tafuta mfyonzo. Pampu ikiwa na kasi kubwa kuliko damu iliyopo, ukuta wa kati wa moyo unavutwa kwenye mdomo wa mrija na kuguswa na chuma, na ventrikali inajibu kwa takikadia. Eko itaonyesha ventrikali ya kushoto ndogo na ukuta wa kati umepinda kushoto. Kumbukumbu za pampu zitaonyesha matukio ya PI yakisongamana na kasi ikijishusha yenyewe. Hapo tiba ni maji na kupunguza kasi ya pampu. Pima potasiamu na magnesi. Takikadia ikiendelea na mtiririko unashuka, mpe usingizi kwanza, ndipo mshtuko wa nje uliopangwa, usingoje azimie.

Kwa mwenye HVAD, aina nyingine ya pampu, usitafute PI; skrini yake inatoa wimbi la mtiririko badala yake, na bonde la wimbi kuporomoka ndilo dalili ya mfyonzo. Pampu hiyo iliacha kuuzwa Juni 2021, lakini wapo wanaoishi nayo.

Kifaa cha pande mbili: asilimia 98, lakini hali haibadiliki

Wagonjwa wengi hufika kwenye pampu wakiwa na kifaa kinachopiga ventrikali zote mbili. Hesabu ya asilimia kwenye ripoti ni hesabu ya misukumo iliyotumwa, haisemi moyo uliitikia. Waya wa kushoto ukipoteza kizingiti, ripoti bado itasoma 98. Linganisha karatasi ya leo na ya zamani: mawimbi yaliyobadili umbo yanakuambia ukweli.

Je, waya wa kushoto uendelee kuwashwa baada ya pampu? Tafiti zilizofuatilia wagonjwa hazijaonyesha wazi kwamba kuendelea kunarefusha maisha, na unakula betri haraka. Msimamo wangu ni kwamba usizimwe kwa mazoea wala usiachwe kwa mazoea. Zima ukiwa naye, tazama kulia kwenye eko na mtiririko kwenye skrini, mtembeze, muulize baada ya wiki chache. Wapo wanaoona nafuu na wapo wanaorudi nyuma. Ikiwa ana kwikwi zisizokwisha au tumbo linaloruka kwa mdundo, waya huo unachokoza neva ya kiwambo, pengine kwa sababu moyo umebadili mkao. Shusha nguvu ya msukumo, badili pande za waya, ikishindikana, uzimwe.

Homa, na kifuko cha kifaa

Homa kwa mwenye pampu inadai damu ya kuotesha vijidudu ichukuliwe kabla ya antibaiotiki, na jicho kwenye tundu la ngozi inapotokea kebo ya pampu na kwenye kifuko cha pesimeka. Maambukizi ya kebo yakiingia kwenye damu yanaweza kukaa kwenye nyaya za moyo. Kifuko kilichovimba kisichomwe sindano kutoa maji. MRI hairuhusiwi kwa mwenye pampu, usiiombe.

Betri imekwisha: ibadilishwe?

Usikimbilie. Kama hategemei pesimeka na hajapata mshtuko wa kweli kwa miaka, kubadilisha kifaa kunaweza kumletea damu kuvia kifukoni na maambukizi, hasara kubwa kuliko faida. Kama anategemea, kibadilishwe mapema, kabla ya ile hali ya mapigo 65 kuanza. Utafiti wa BRUISE CONTROL wa mwaka 2013, uliofanywa kwa wagonjwa wa pesimeka na difibrileta kwa ujumla, ulipata damu kuvia kwa asilimia 3.5 ya walioendelea na warfarini dhidi ya asilimia 16 ya waliobadilishiwa heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na ndiyo sababu wataalamu wengi hupendelea kuendelea na warfarini huku INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, ikiwa mahali pake.

Ukiwapigia wataalamu wake simu, uwe na haya mkononi: aina ya pampu, kasi, nguvu, mtiririko na PI za leo na za wiki iliyopita, presha ya Dopla, karatasi mbili za umeme wa moyo, aina ya pesimeka, hali yake na kikomo cha chini, kama anaitegemea, INR, potasiamu, magnesi na hemoglobini. Nakala ya mipangilio ichapishwe kabla ya mtu yeyote kubonyeza chochote. Badiliko lifanywe moja, mtiririko na presha vipimwe baada ya dakika chache, kisha kesho yake, ndipo la pili lifikiriwe.